Zilizala ya Lisbon na Hoja ya Ulimwengu Bora

Mwaka 1710 mjini Amsterdam kilipigwa chapa kitabu kwa lugha ya Kifaransa, na mtungaji wake alikuwa Mjerumani, Gottfried Wilhelm Leibniz, bingwa wa hesabu, wa sheria na wa mantiki. Kitabu hicho kilitokana na mazungumzo yake na Malkia Sophie Charlotte wa Prussia, aliyekuwa ametiwa wahka na maandishi ya Pierre Bayle. Kwani Bayle alishikilia kwamba akili ya mwanadamu haina njia ya kupatanisha wema wa Mungu na masaibu ya viumbe wake, na kwamba atakaye salama ya roho yake na ashike imani, aache kujadili. Malkia alifariki mwaka 1705, kabla jibu la rafiki yake halijatoka. Leibniz akakipa kitabu jina alilolibuni mwenyewe kwa kuunga maneno mawili ya Kiyunani, la Mungu na la haki, *Théodicée*.

Hoja yake ilisimama juu ya msingi wa kale. Kila kilichopo, alisema, kina sababu ya kuwapo, na maadam kila kitu cha ulimwengu huu chaweza kuwapo na chaweza kutokuwapo, sababu ya mwisho ya vyote haipatikani katika mfululizo wa vitu vyenyewe hata tukiurudisha nyuma bila ya kikomo, bali sharti iwe katika Dhati ambayo kuwapo kwake ni lazima. Msomaji aliyewahi kukaa mbele ya mwalimu wa ilimu ya tauhidi ataitambua hoja hii mara moja, kwani Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ndiye aliyeipa umbo lake kamili alipopambanua baina ya kilicho mumkini na kilicho wajibu. Hata hivyo Leibniz hakukomea hapo. Alipiga hatua ya pili, nayo ndiyo iliyokuja kumponza: kwamba Mungu, mwenye elimu, kudura na wema usio mpaka, alipozitazama dunia zote ziwezekanazo hakuchagua ila iliyo bora kuliko zote, kwa hiyo dunia hii yetu ndiyo bora, na maovu tuyaonayo ni kama kivuli katika picha, ambacho mwenye kukitazama peke yake hukiona doa, ilhali mwenye kuitazama picha nzima hukiona pambo.

Imamu Ghazali naye, zaidi ya karne 6 kabla yake, alikuwa ameandika katika *Ihya* neno lililokaribiana sana na hilo, kwamba haiwezekani kuwapo kilicho kizuri zaidi ya hiki kilichokuwako, na wanazuoni wakabishana juu ya kauli yake kwa vizazi na vizazi, baadhi yao wakihofu kwamba inauwekea mpaka uweza wa Mwenyezi Mungu. Naona hofu yao ilikuwa na maana. Asemaye kwamba haya yote ndiyo bora amejifunga kuyatetea yote, moja baada ya jingine, na hajui kesho italeta nini.

Kesho hiyo ilifika Jumamosi, tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, wakati makanisa ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno, yalipokuwa yamejaa watu na mishumaa ikiwaka katika kila altare. Baada ya saa tatu na nusu ya asubuhi ardhi ilitikisika kwa dakika kadhaa, mapaa ya makanisa yakawaangukia waliokuwa wakisali, na walionusurika wakakimbilia gatini kwenye uwazi wa mto Tejo, wakidhani wamepata amani. Hapo wakaona maji yakirudi nyuma mpaka chini kukaonekana, kisha yakaja kwa mawimbi makubwa na kuwazoa. Mishumaa iliyoanguka na meko yaliyoachwa yakauwasha mji, na moto ukala karibu juma zima: ukaichoma Hospitali ya Watakatifu Wote pamoja na wagonjwa wasioweza kutoka vitandani, ukaiteketeza maktaba ya mfalme, ukaimaliza na nyumba ya michezo ya kuimba iliyofunguliwa mwaka uleule. Idadi ya waliokufa haikupata kujulikana kwa yakini. Makadirio yatajwayo mara nyingi ni ya watu 30,000 hadi 40,000 katika mji peke yake. Ng'ambo ya bahari, katika Morocco, nyumba na misikiti iliporomoka vilevile.

Watu wa dini hawakukawia kutoa tafsiri, na kila mmoja aliipata ile aliyokuwa nayo tangu hapo. Huko Uingereza mhubiri John Wesley aliona hukumu juu ya nchi iliyowachoma watu moto kwa ajili ya imani zao. Padre Gabriel Malagrida, Mjesuiti aliyekuwa Lisbon, aliandika mwaka 1756 kwamba sababu ya kweli si mitikisiko ya ardhi bali ghadhabu ya Mungu kwa dhambi za mji, na kwamba toba ndiyo iliyohitajika kabla ya kitu kingine. Waziri wa mfalme, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa ukuu wa Pombal, alichukia maneno hayo yaliyowavunja watu moyo wa kujenga upya. Yeye alipeleka kwa mapadre wa kila parokia karatasi ya maswali: ardhi ilitikisika muda gani, bahari ilipanda kwanza au ilishuka kwanza, waliofariki ni wangapi. Majibu yake yamehifadhiwa, na wataalamu wa matetemeko wanayasoma hata sasa. Malagrida alihukumiwa kuwa mzushi, akanyongwa na maiti yake ikachomwa mwaka 1761; na ukatili huo, nadhani, ni doa kwa waziri ambaye kwa mengine alistahiki kusifiwa.

Wanafalsafa nao wakaingia uwanjani. Voltaire alitunga shairi refu juu ya msiba huo, akiwauliza wenye kusema kwamba yote ni mema kama Lisbon ilizidi London na Paris kwa maovu, na vichanga waliokufa vifuani mwa mama zao walitenda kosa gani. Mwaka 1759 akaongeza hadithi yake ya *Candide*. Rousseau alimjibu kwa barua ya tarehe 18 Agosti 1756, na barua hiyo inastahili kusomwa kwa utulivu. Alisema kwamba si maumbile yaliyorundika nyumba 20,000 za ghorofa sita na saba mahali pamoja, na kwamba wako walioangamia kwa kurudi ndani kutafuta nguo zao, au hati zao, au fedha zao. Kijana Immanuel Kant wa Königsberg aliandika makala tatu katika mwaka huohuo wa 1756, akieleza tetemeko kwa sababu za ardhini na kuwakanya wenye kujidai kujua makusudio ya Mungu. Uzeeni, mwaka 1791, alitoa hukumu kwamba majaribio yote ya wanafalsafa ya kuitetea haki ya Mungu kwa hoja yameshindwa, akamtukuza Ayubu, yuleyule ambaye washairi wa pwani yetu wamemtungia utenzi, kwa kuwa alisema aliyoyaona kweli moyoni, ilhali rafiki zake walisema yale waliyodhani yatampendeza Mungu.

Mimi ni katika wanaoona kwamba zilizala ile iliiangusha hatua ya pili ya Leibniz na haikuigusa ya kwanza. Kwani kuwa vitu vina Mwenye kuvifanya ni jambo moja, na kuwa sisi tunazijua hesabu zake ni jambo jingine kabisa. Lakini liko linalonisikitisha katika majadiliano yale yote. Miaka 250 kabla ya msiba, katika Julai 1505, merikebu za Mreno Francisco de Almeida, zilizotoka Lisbon hiyohiyo, zilikuja kuipora Kilwa, na mwezi uliofuata zikaitia moto Mombasa. Huko nako paliungua nyumba, na walikufa wasiotenda kosa. Rousseau alikuwa amelikaribia neno lenyewe, kwamba sehemu kubwa ya mateso ya watu imo mikononi mwa watu, walakini katika ubishi wao juu ya Lisbon sikuona aliyeyageukia majivu ya miji hii akauliza habari zake.

Dhahabu ya ushuru ambayo Vasco da Gama alimtoza mtawala wa Kilwa mwaka 1502 kwa kumtishia mizinga ilifuliwa ikawa monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kilichomalizika mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel, na maandishi yaliyochorwa juu yake yanaitaja Kilwa kwa jina. Monasteri ya Belém ilimokuwa ikitunzwa ilisimama siku ile ya 1755 wakati mji ulipoanguka. Chombo hicho kimo Lisbon hadi leo, katika jumba la taifa la sanaa za kale.