Kumbukumbu za ngoma, Nachingwea na Ruangwa

Kumbukumbu za ngoma, Nachingwea na Ruangwa ni maandishi, sauti na picha za kale za burudani za jamii katika wilaya hizi za Mkoa wa Lindi, nyumbani kwa Wamwera, pamoja na maeneo jirani ya Wamakua, Wayao na Wamakonde.

Hazina kubwa ya mwanzo ilitoka jirani. Mwaka 1906, Vita vya Majimaji vikiwa bado havijapoa, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na Newala akiwa na kamera ya filamu na fonografu. Mwimbaji alisogea hadi kwenye tarumbeta ya mashine, na sindano ikachora sauti yake juu ya silinda ya nta inayozunguka. Silinda moja ilibeba dakika chache tu, hivyo ngoma ya usiku kucha ilibaki kipande. Weule alinasa pia nyimbo za wapagazi wake Wanyamwezi, akaandika kuhusu unyago na wachezaji wa vinyago.

Baadaye, mmisionari Lyndon Harries aliandika kuhusu jando la Wamakua na Wamakonde katika miaka ya 1940. Kitabu cha mwanahistoria Terence Ranger kuhusu beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, kilitoka mwaka 1975.

Udhaifu mkubwa wa kumbukumbu hizi ni kwamba wageni ndio walioamua kipi kihifadhiwe. Hata sasa, rekodi za Weule zimo katika hifadhi ya sauti ya Berlin, ambayo silinda zake za kale ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999.