Mvinyo wa Franschhoek na Watu wa Msumbiji

Historia ya mvinyo wa Afrika Kusini ina tarehe yake ya kuzaliwa: 2 Februari 1659, siku ambayo Jan van Riebeeck aliandika katika shajara yake kwamba zabibu za Rasi zimekamuliwa kwa mara ya kwanza. Tarehe hiyo niliisikia kwenye meza tatu tofauti nilipohudhuria tamasha la kuonja mvinyo mjini Franschhoek, mwezi wa Julai. Tarehe iliyoitangulia haikutajwa na mtu. Mwaka 1658 meli za Amersfoort na Hasselt zilishusha Rasi shehena kubwa za kwanza za watumwa, moja ikileta watu wa Angola, nyingine watu wa Afrika Magharibi. Watumwa walitangulia mvinyo, na sidhani kama ni kwa bahati.

Tamasha lenyewe lilinifurahisha. Watu huvaa rangi tatu za bendera ya Ufaransa, wengine hushindana kuviringisha mapipa, na mgeni huzunguka meza za wakulima na glasi yake mkononi. Hufanyika karibu na Siku ya Bastille, jambo ambalo mwanafunzi wa historia hawezi kuliacha lipite. Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Kifaransa wanaoheshimiwa kama waasisi wa bonde hili, walifika 1688, miaka 101 kabla ya gereza la Bastille kutekwa. Walimkimbia mfalme aliyewafutia haki ya kuabudu mwaka 1685. Mapinduzi ya 1789 hawakuyaona. Lakini penye mvinyo mzuri watu hawaulizi sana.

Mwishoni mwa barabara kuu upo mnara wa Wahugenoti, uliozinduliwa 1948. Sanamu ya mwanamke imeshika Biblia mkono mmoja, na mkono wa pili mnyororo uliokatika. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko kwenye meza yoyote. Mnyororo ule ni wa dhuluma ya kidini huko Ufaransa. Ila katika bonde lilelile mizabibu ilipaliliwa, ikapogolewa na kuvunwa na watu waliokuwa mali ya wenye mashamba.

Mimi natoka Nampula, mkoa wenye Kisiwa cha Msumbiji, kwa hiyo habari hii si ya mbali kwangu. Kuanzia 1652 hadi 1808 watumwa wapatao 63,000 waliletwa Rasi kutoka Indonesia, India, Madagaska na bara la Afrika, na kuelekea mwisho wa biashara hiyo wengi walipakiwa pwani yetu. Rasi iliwaita wote kwa jina moja, Masbieker, yaani watu wa Msumbiji, hata yule aliyetekwa mbali sana bara. Desemba 1794 meli ya Kireno São José, iliyokuwa ikitoka kisiwani kwetu kwenda Brazili na watu zaidi ya 500, ilivunjika karibu na Cape Town. Zaidi ya 200 walikufa maji. Waliookolewa waliuzwa hapohapo Rasi. Baada ya mabaki ya meli kutambuliwa, mwaka 2015 udongo wa Mossuril, ng'ambo ya kisiwa, ulipelekwa ukamwagwa pale ilipozama.

Mwaka 1813 Uingereza ilipunguza ushuru wa mvinyo wa Rasi, mashamba yakapanuka. Kuingiza watumwa wapya kulikuwa kumekatazwa, basi kazi iliyoongezeka iliwaangukia waliokuwapo. Utumwa ulifutwa 1834, lakini watu walibaki chini ya mabwana walewale hadi 1838, na waliolipwa fidia ni mabwana.

Kisha ukabaki mtindo uitwao dop: kibarua wa shamba kulipwa sehemu ya ujira wake kwa mvinyo, mara kadhaa kwa siku. Nilimkuta mama mmoja akiosha glasi nyuma ya meza, nikamsalimu na kumwuliza kama amekulia bondeni.

"Hapahapa, mwanangu. Baba yangu alipewa kopo la mvinyo kabla ya chai."

Sheria ilipiga marufuku mtindo huo katika karne ya 20, ila mashamba mengine yaliuendeleza hadi miaka ya 1990. Hadi leo wilaya za mvinyo za Rasi ya Magharibi zina idadi kubwa mno, hata kwa kipimo cha dunia, ya watoto waliodhurika kwa pombe wakiwa bado tumboni.