Apnea ya usingizi na kisukari

Apnea ya usingizi ni tatizo la kiafya ambalo humfanya mtu aliyelala aache kupumua kwa muda mfupi, tena mara nyingi katika usiku mmoja. Aina yake ya kawaida zaidi hutokana na kuziba kwa njia ya hewa kooni, na huonekana kwa watu wengi wenye kisukari cha aina ya 2. Magonjwa haya mawili yana chanzo kikubwa cha pamoja, yaani unene wa kupindukia. Hata hivyo, utafiti unaonyesha kwamba apnea yenyewe inaweza kuchangia kupanda kwa sukari katika damu.

Yanayotokea usingizini

Mtu anapolala, misuli ya koo na ulimi hulegea. Kwa baadhi ya watu njia ya hewa hujifunga kabisa au kwa sehemu. Kifua huendelea kujitahidi kuvuta hewa, lakini haipiti ya kutosha, na oksijeni katika damu hupungua. Ubongo humshtua mtu kidogo, naye huvuta pumzi kwa nguvu kama aliyepaliwa, kisha husinzia tena. Kwa kawaida asubuhi hakumbuki lolote.

Wataalamu huhesabu matukio yanayodumu kwa sekunde 10 au zaidi. Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni apnea nyepesi, 15 hadi 29 ni ya wastani, na 30 au zaidi ni kali.

Jinsi apnea inavyoathiri sukari

Insulini ni homoni ya kongosho inayoziwezesha misuli na mafuta kuchukua glukosi kutoka katika damu, na kulizuia ini lisitoe glukosi kupita kiasi. Katika kisukari cha aina ya 2, mwili huwa sugu kwa insulini, na hatimaye kongosho hushindwa kutengeneza kiasi kinachohitajika.

Apnea huweza kuuelekeza mwili huko kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kushuka na kupanda kwa oksijeni usiku kucha. Mwili huitikia kana kwamba uko hatarini: adrenalini huongezeka, ini hutoa glukosi, na mafuta yaliyohifadhiwa huvunjwa na kuingia katika damu, ambako huzuia kazi ya insulini. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009 nchini Marekani, watu wenye afya njema walipunguziwa oksijeni kwa vipindi vifupi vifupi kwa muda wa saa 5 wakiwa macho. Uwezo wa miili yao kuitikia insulini ulishuka kwa takriban asilimia 17.

Njia ya pili ni kukatika kwa usingizi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwazuia vijana wenye afya wasifikie usingizi mzito kwa usiku 3, bila kupunguza saa zao za kulala. Mwitikio wao kwa insulini ulipungua kwa takriban asilimia 25.

Ushahidi na mipaka yake

Utafiti uliofanywa Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2014, ulifuatilia zaidi ya watu wazima 8,000 waliopimwa usingizi kabla ya kuwa na kisukari. Wenye apnea kali walikuwa na hatari ya kupata kisukari iliyozidi kwa asilimia 30 ile ya wasio na apnea, hata baada ya kuzingatia unene, umri na uvutaji wa sigara.

Hata hivyo, uhusiano huu huenda pande zote mbili. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva, zikiwemo zinazosaidia kuongoza upumuaji, hivyo nacho kinaweza kuzidisha apnea.

Matibabu

Tiba kuu ni mashine ya CPAP, iliyobuniwa na Colin Sullivan huko Sydney, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Husukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Hupunguza usingizi wa mchana, lakini matokeo yake kwa sukari hayalingani. Majaribio kadhaa kwa wagonjwa wa kisukari hayakuona nafuu katika kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba wengi huivaa kwa saa chache tu kila usiku. Kwa hiyo CPAP haichukui nafasi ya dawa za kisukari.

Kupunguza uzito husaidia magonjwa yote mawili. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatidi, dawa iliyotumika kwanza kwa kisukari, kutibu apnea ya wastani na kali kwa watu wazima wenye unene wa kupindukia.

Dalili

Kukoroma sana mara nyingi huchukuliwa kuwa ni uchovu au usingizi mzuri, hivyo watu wengi wenye apnea hawajitambui. Anayelala karibu na mgonjwa ndiye huwa wa kwanza kugundua kwamba pumzi inakatika. Dalili nyingine ni kuumwa kichwa asubuhi, kuamka mara nyingi kwenda kukojoa, na kusinzia mchana. Kwa kuwa kukojoa mara kwa mara na uchovu ni dalili za kisukari pia, mwenye dalili hizo anafaa kuchunguzwa kwa magonjwa yote mawili.