Mpango wa Uganda

Mpango wa Uganda ni pendekezo la mwaka 1903 ambalo kwalo Uingereza ilijitolea kuwapa Wazayuni, wanaharakati wa utaifa wa Kiyahudi, eneo la makazi Afrika Mashariki. Licha ya jina hilo, ardhi iliyokusudiwa ilikuwa nyanda za juu za Uasin Gishu, ambazo leo zipo magharibi mwa Kenya, upande wa Eldoret.

Pendekezo lilitoka kwa Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni, baada ya mauaji ya Wayahudi mjini Kishinev, katika Milki ya Urusi. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, aliliwasilisha Basel, Agosti 1903, mbele ya Mkutano Mkuu wa Sita wa Wazayuni. Wajumbe 295 waliunga mkono kutuma tume ya uchunguzi, 178 walipinga.

Wajumbe wengi wa Mizrachi, chama cha Uzayuni wa kidini kilichoasisiwa mwaka 1902 na Rabi Yitzchak Yaacov Reines, walikuwa upande wa Herzl. Kwa Reines, ukombozi walioutabiri manabii ni kazi ya Mungu, nao Uzayuni ulihusu usalama wa watu waliokuwa hatarini. Kimbilio la muda, basi, halikufuta tumaini la kurejea Sayuni. Upinzani mkali ulitoka kwa Wazayuni wa Urusi, wengi wao wasioshika dini.

Mkutano wa Saba uliukataa mpango mwaka 1905.

Baadaye, tofauti na Reines, Rabi Abraham Isaac Kook (1865–1935) aliunganisha Uzayuni na ukombozi: alifundisha kwamba kurejea Nchi ya Israeli ni mwanzo wa ukombozi wenyewe, hata kunapotendwa na wasiosali. Fundisho hilo lilienea zaidi baada ya vita vya 1967 kati ya Israeli na majirani zake Waarabu.