Reli Isiyofika Bunia: Mapenzi ya Garimoshi na Kumbukumbu ya Reli katika Ituri

1. Utangulizi

Wapo watu duniani wanaolipenda garimoshi kama wengine wapendavyo ngoma au kandanda. Huandika namba za injini katika madaftari, husafiri masafa marefu ili wapande behewa linalovutwa kwa mvuke, na majumbani mwao hujenga reli ndogo juu ya meza, zenye stesheni, madaraja na injini zinazoweza kuinuliwa kwa vidole viwili. Katika Ulaya mapenzi haya yana vyama na majarida yake. Katika Afrika ya Mashariki yana makumbusho yake mjini Nairobi. Katika Bunia, mji ambao haujapata kuwa na stesheni, mtu angeweza kudhani kwamba hayana habari yoyote ya kusimuliwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Ituri iliahidiwa reli tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Ikakaribiwa na reli kutoka magharibi na kutoka mashariki. Ikalishwa, ikavishwa na kupokonywa dhahabu yake kwa njia zilizotegemea reli hizo. Swali linalojadiliwa ni hili: je, jamii ambayo ililisubiri garimoshi bila kuliona likifika ina nafasi gani katika kulitunza kumbukumbu lake, na ina jambo gani la kuwafundisha wale waliolizoea?

2. Kuzaliwa kwa mapenzi

Mapenzi ya garimoshi yana sehemu mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Ya kwanza ni ya mtoto na mwanasesere. Mnamo 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha katika maonyesho ya Leipzig reli za kuchezea zenye vipimo maalumu vya upana, hata mnunuzi akaweza kuongeza kipande baada ya kipande. Garimoshi likawa kitu cha kukusanywa na kukamilishwa, na mchezo wa watoto ukarithiwa na baba zao.

Sehemu ya pili ni ya maombolezo. Mwaka 1951, katika Wales, watu wa kujitolea walianza kuiendesha reli ya Talyllyn, njia nyembamba iliyojengwa katika miaka ya 1860 kwa ajili ya kusafirisha mawe ya kuezekea, ambayo ilikuwa karibu kufungwa. Hiyo ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na wapenzi wake. Tarehe 11 Agosti 1968, shirika la reli la Uingereza liliendesha safari yake ya mwisho ya abiria kwa mvuke katika njia zake kuu, na umati wa watu ulisimama kandokando ya njia kulipungia mkono garimoshi lile. Kwa kifupi, watu waliipenda injini ya mvuke kwa dhati ilipokuwa ikiaga. Kitu kinapokuwa cha lazima hutumiwa. Kinapoacha kuwa cha lazima ndipo hutazamwa.

Hali ya Nairobi inalingana na kanuni hiyo. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, wakati mvuke ulipokuwa ukiipisha dizeli, na mwanzilishi wake, Fred Jordan, alikuwa mtu wa reli yenyewe. Humo limehifadhiwa behewa ambamo ofisa wa polisi Charles Ryall aliuawa na simba katika stesheni ya Kima mwaka 1900. Humo pia zimo injini za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950. Zilikuwa injini 34, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi, nazo zilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Katika reli za upana wa mita 1 hakuna injini ya mvuke iliyozizidi kwa uzito. Mojawapo, namba 5918 iitwayo Mount Gelai, ilifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuvuta tena mabehewa ya wageni na wenyeji waliotaka kuusikia mlio wake.

3. Reli zilizoizunguka Ituri

Ahadi ya kwanza kwa Ituri ilitolewa mwaka 1902. Mwaka huo iliundwa kampuni ya reli ya Kongo ya juu na Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL, chini ya tajiri wa Kibelgiji Édouard Empain. Mojawapo ya njia zilizokusudiwa ilikuwa itoke Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ivuke msitu wote wa Ituri na kufika Mahagi kwenye Ziwa Albert. Njia hiyo ingekuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Nyuma yake ilikuwapo tamaa ya Mfalme Leopold II ya kuufikia mto Nile. Msitu, gharama na mabadiliko ya siasa viliishinda tamaa hiyo. Kampuni ikajielekeza kwenye maporomoko ya mto Lualaba, ikafungua njia ya Stanleyville hadi Ponthierville, kilomita 125, mwaka 1906, na zile za kusini baadaye. Reli ya Mahagi ilibaki katika makaratasi.

Ahadi ya pili ilitoka magharibi. Mwaka 1924 iliundwa kampuni ya Vicicongo, nayo ikajenga kutoka Aketi, bandari ya mto Itimbiri, reli nyembamba ya milimita 600 iliyopita Buta na Isiro, mji ulioitwa wakati huo Paulis kwa heshima ya Kanali Albert Paulis, na kufika Mungbere mwaka 1937. Pamoja na matawi yake njia hiyo ilipita kilomita 1,000. Pamba na kahawa ya Uele vilishuka kwa njia hiyo kuelekea mto Kongo. Mungbere ikawa mwisho wa chuma na mwanzo wa lori: kutoka hapo mizigo iliendelea kwa barabara kuelekea migodi ya Kilo-Moto na miji ya mashariki, mingine ikibebwa na malori ya kampuni ile ile ya reli.

Ahadi ya tatu ilitoka mashariki, nayo ndiyo iliyokaribia zaidi. Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, iliifanya pwani ya Waswahili kuwa mlango wa Ituri. Dhahabu iligunduliwa Kilo mwaka 1903, na mashine za kuichimbia zilihitaji njia. Kabla reli haijafika Jinja mwaka 1928 na Kampala mwaka 1931, shehena ya kwenda Bunia kutoka Mombasa ilipaswa kupanda garimoshi hadi Kisumu, meli hadi Jinja, garimoshi tena hadi Namasagali, meli ya Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, gari la barabara hadi Butiaba, meli ya Ziwa Albert hadi Kasenyi, na hatimaye kupanda mlima kuingia Bunia. Ni hatua saba, na kila hatua ilikuwa na wapagazi wake. Meli mashuhuri ya ziwa hilo, Robert Coryndon, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa mali ya shirika la reli. Maji ya ziwa yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 bandari ya Butiaba iliharibika, na mwaka 1964 meli hiyo ikazama. Mwaka huo huo reli ya kaskazini ya Uganda ilifika Pakwach, karibu na mpaka wa Mahagi, ikakomea hapo.

Inafaa kuongeza kwamba hata kama njia hizi zingekutana Bunia, zisingeunganika. Reli ya Uganda ilikuwa na upana wa milimita 1,000, ya Vicicongo 600. Behewa la Mombasa lisingeweza kuendelea hata mita moja kuelekea Aketi. Kila dola ilijenga reli ya kutoa mali kuelekea bandari yake; kuwaunganisha wenyeji wa pande mbili hakukuwa kusudi la yeyote.

4. Ushahidi wa maneno

Mahali ambapo chuma hakikufika, maneno yalifika. Kiswahili cha pwani kilikuwa na gari la moshi, neno gari likiwa na asili ya Kihindi; baadaye likafupishwa kuwa garimoshi. Kutoka Kiingereza zilitoka reli na stesheni. Behewa na taruma ni maneno ambayo msemaji wa pwani hutambua mara moja. Upande wa Kongo, Kifaransa ndicho kilichotoa istilahi za kazi: abiria husubiri kwenye gare, na chemin de fer imetamkwa kwa vinywa vya watu hata ikawa shemendefere. Neno treni linapatikana pande zote mbili, lakini kwa njia mbili: pwani limetokana na Kiingereza, Kongo limetokana na Kifaransa. Masikio hayawezi kuzitofautisha asili hizo. Historia tu ndiyo inayoweza.

Bunia ipo katikati ya mikondo hiyo. Mfanyabiashara anayepokea bidhaa kutoka Kampala hutumia msamiati wa mashariki. Ndugu yake aliyesoma Kisangani hutumia ule wa magharibi. Kwa mwanaisimu, mpaka wa reli hizi mbili ambazo hazikukutana bado unaweza kuchorwa kwa maneno.

Hata michezo ya watoto hutoa ushahidi. Mtoto wa Ituri anapokunja waya na kukata bati, huunda lori. Ustadi anao, lakini mwanasesere huiga kile kinachopita mlangoni, na kilichopita mlangoni Bunia ni lori.

5. Waliotandika mataruma

Mapenzi ya garimoshi yana upofu wake. Mpenzi wa injini hujua mwaka wa kuundwa kwake na kiwanda kilichoiunda. Aghalabu hajui ni nani aliyelaza mataruma chini yake. Katika ujenzi wa Reli ya Uganda waliletwa zaidi ya wafanyakazi 31,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Katika reli ya Matadi hadi Léopoldville, iliyojengwa kati ya 1890 na 1898, hesabu rasmi ilitaja vifo 1,932, vya Waafrika na Waasia 1,800 na vya Wazungu 132. Miongoni mwa Wagikuyu husimuliwa utabiri wa Mugo wa Kibiru kuhusu nyoka wa chuma atakayekuja kutoka baharini. Simulizi hiyo haikutungwa na watu walioiona injini kama kitu cha kuchezea.

Hata hivyo, haitoshi kulaani. Mgala muue na haki yake mpe. Fundi aliyejua kuisikiliza injini na kuitambua kasoro kwa mlio tu, mwashaji moto aliyepima makaa au kuni kwa jicho, mshika bendera aliyelinda roho za abiria, wote walikuwa na elimu ambayo haikuandikwa vitabuni. Makumbusho yanayohifadhi injini bila elimu hiyo huhifadhi ganda na kuiacha punje.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Ituri, ingawa haikupata reli, ilikuwa sehemu ya historia ya reli kwa ahadi, kwa mizigo na kwa maneno. Mwaka 1974 njia ya Aketi hadi Mungbere iliunganishwa katika shirika la taifa, SNCZ; baadaye ikatengwa tena kwa jina la reli ya Uele, na katika miongo iliyofuata ikadhoofika vibaya. Chuma kisichotumika huliwa na kutu au huuzwa kwa kilo. Wazee waliokifanyia kazi nao wanaondoka.

Vyuo vya Bunia havina uwezo wa kufufua injini, wala hilo si jukumu lao. Vina uwezo wa kufanya jambo ambalo wapenzi wengi wa garimoshi hawakulifanya kwa wakati: kukusanya simulizi za wafanyakazi wa Aketi, Buta, Isiro na Mungbere, na za wapagazi wa Kasenyi, pamoja na istilahi zao za kazi, katika lugha walizozitumia kazini. Kazi hiyo haihitaji makaa ya mawe. Inahitaji daftari, kinasa sauti na mwanafunzi mwenye subira; na inahitaji kuanza kabla msikilizaji hajabaki peke yake.