Askari wa hifadhi na magofu: nani kamfundisha?

Leo naomba tuongee juu ya watu ambao hatuwataji kabisa kwenye historia: wale askari wa hifadhi wenye kofia pana wanaowapokea wageni kwenye magofu ya kale. Mwanaakiolojia anachimba, anaandika ripoti nene, ripoti inawekwa kabatini. Mgeni haisomi. Anachorudi nacho kwake ni yale aliyoambiwa na askari akiwa amesimama juani. Sasa huyo askari kafundishwa nini, na nani?

Huku Marekani mfano mzuri ni Mesa Verde, jimbo la Colorado. Ni hifadhi ya taifa tangu 1906, na haikuanzishwa kwa ajili ya wanyama bali kwa ajili ya nyumba za mawe zilizojengwa ndani ya majabali. Kubwa kuliko zote, Cliff Palace, ina vyumba kama 150. Kwa miaka mingi wageni walisimuliwa hivi: wachunga ng'ombe wawili wa kizungu waliigundua Desemba 1888, waliojenga waliitwa Anasazi, nao walitoweka, hakuna ajuaye walikwenda wapi.

Hadithi tamu kweli, ila imeoza kila upande. Waute, wenyeji wa eneo hilo, walizijua nyumba hizo zamani, kwa hiyo huko kugundua kulikuwa kugundua kwa nani? Anasazi ni neno la Wanavajo, na mara nyingi linaelezwa kuwa na maana ya mababu wa maadui. Hebu fikiria babu yako aitwe hivyo kwenye kibao cha serikali! Na waliotoweka hawakutoweka. Pete za miti zinaonyesha ukame mkali kati ya 1276 na 1299, watu wakahama kuelekea kusini. Wajukuu wao wapo mpaka leo: Wahopi, Wazuni, na Wapueblo wa kando ya mto Rio Grande. Wanakuja hifadhini kama wageni wengine, wanasimama kwenye foleni, kisha wanamsikiliza askari akiwaambia kwamba wametoweka.

Sheria ya mwaka 1990, iliyotaka mifupa na vitu vya makaburini virudishwe kwa wenyewe, iliwalazimisha wakubwa wa hifadhi na makumbusho kukaa meza moja na makabila. Leo Mesa Verde inahusiana rasmi na makabila mengi, na waliojenga wanaitwa mababu wa Wapueblo. Lakini kubadilisha kibao ni kazi ya siku moja. Kubadilisha mdomo wa mtu aliyezoea kusimulia kitu kimoja kila kiangazi, hiyo ndiyo shughuli, na ndiyo maana wana mafunzo.

Msahafu wao ni kitabu cha mwaka 1957 cha Freeman Tilden, ambaye alikuwa mwandishi tu, si mtaalamu wa kuchimba. Hoja yake ni kwamba kumwaga taarifa hakutoshi, lazima unachosema kiguse maisha ya anayesikiliza. Nakubaliana naye, ila kuna mtego: askari anayetafuta kugusa moyo anaweza kuuacha ushahidi nyuma. Ndiyo maana baadaye wakaandaa mafunzo ya kuwakutanisha askari na wanaakiolojia. Huyu anajifunza kusema kwa lugha ya watu, yule anajifunza jinsi ushahidi unavyopatikana: tabaka za udongo, na kwa nini kigae kikiondolewa pale kilipolala kinapoteza nusu ya habari yake.

Mtego huo uko wazi New York. Mwaka 1991, wakichimba msingi wa jengo la serikali, walikuta makaburi ya Waafrika. Mabaki ya watu 419 yalitolewa, yakachunguzwa, yakazikwa upya mwaka 2003, na tangu 2006 mahali hapo pako chini ya idara ya hifadhi za taifa. Jeneza moja lilikuwa na misumari iliyopangwa umbo kama la moyo. Watafiti wakasema ni sankofa, alama ya Waakan wa Ghana. Wengine wakapinga, kwamba moyo ulikuwa pambo la kawaida la majeneza ya zama hizo. Askari amwambie nini mgeni mweusi aliyefika pale huku machozi yanamlengalenga? Mimi nasema asimdanganye ili amfurahishe. Amwonyeshe picha ya misumari, amweleze pande zote mbili. (Tena pale wanakwepa neno mtumwa, wanasema mtu aliyetiwa utumwani. Kiswahili chetu kinasema mtumwa ni anayetumwa, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Haya, turudi kwetu. James Kirkman, aliyechimba Gedi, aliuita mji wa Waarabu kwenye jalada la kitabu chake cha 1954, na waongoza wageni wakalibeba neno hilo miaka na miaka. Halafu miaka ya 1980 kule Shanga, Lamu, chini ya msikiti wa mawe ikakutwa misikiti ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, mpaka karne ya 8, pamoja na vyungu vya kienyeji. Mji ulikua kutoka kijiji cha hapo hapo. Tukashangilia, Waajemi ni hadithi tu! Kumbe mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa pwani yetu, Kilwa ikiwemo, ukaonyesha kwamba wengi wao kwa upande wa mama asili yao ni Afrika, na kwa upande wa baba ni Uajemi kwa sehemu kubwa, mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000. Yote mawili yamo, na si rahisi kuyasema kwa wageni walioshuka kwenye boti wakiwahi maji yasitoke.

Miaka hii ya karibuni magofu ya Kilwa Kisiwani yamewekwa chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Siwabezi hata kidogo. Kujenga gati na kulinda kuta wanaweza. Lakini aliyesomea tembo na majangili akisimama mbele ya Msikiti Mkuu anahitaji mtu wa kumwonyesha tabaka za udongo kwanza, na wazee wa kisiwani wa kumwambia wao wanapaitaje. Aliyekwenda karibuni aniandikie: mliambiwa nani alijenga?