Roboti za Detroit na Kamba ya Fremont

Mwaka 1961, katika kiwanda cha General Motors jimboni New Jersey, Marekani, mkono wa chuma ulianza kazi ya kutoa vyuma vya moto kwenye kalibu. Uliitwa Unimate, na ndiyo roboti ya kwanza kufanya kazi kiwandani. Kazi hiyo ilikuwa ikiwaunguza binadamu, na ni wachache waliosikitika kuiachia mashine.

Miongo miwili baadaye, kampuni hiyo ilibanwa na ushindani wa magari ya Japani. Roger Smith, aliyeshika uenyekiti mwaka 1981, aliamini kwamba mitambo ndiyo ngao. Mwaka 1982 General Motors iliingia ubia na kampuni ya Fanuc ya Japani ili kutengeneza roboti, na mwaka 1984 ikanunua kampuni ya kompyuta ya Electronic Data Systems kwa dola bilioni 2.5. Mwaka 1985 kiwanda kipya kilifunguliwa mpakani mwa miji ya Detroit na Hamtramck, kikiwa na roboti zipatazo 260 na vigari vya kubeba vipuri visivyo na dereva.

Matokeo yaliwafedhehesha waliopanga. Taarifa za wakati ule zilisimulia roboti zilizopakana rangi zenyewe kwa zenyewe, na nyingine zilizogonga na kuharibu magari. Mitambo ilikuwa imetangulia. Utaratibu wa kazi na mafunzo ya watu vikabaki kuifuata nyuma.

Katika miaka hiyo hiyo, General Motors ilikuwa na funzo lingine mkononi. Kiwanda chake cha Fremont, California, kilichosifika kwa utoro na migogoro, kilifungwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI, na wengi walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale wa zamani pamoja na chama chao. Mamia yao walipelekwa Japani kujifunza. Waligawanywa katika vikundi vidogo, na kila mmoja akapewa haki ya kuvuta kamba na kusimamisha kazi alipoona kasoro.

Toyota ilikuwa na asili ya fikra hiyo. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha kitanda cha kufumia nguo kilichosimama chenyewe uzi ulipokatika. Mashine njema, kwa mafunzo hayo, ni ile inayojua kusimama na kumwita mtu.

Mkataba wa NUMMI uliahidi pia kwamba watu hawangepunguzwa kazini ila kampuni ikiwa hatarini, na baada ya wakubwa kukatwa mishahara kwanza. Mauzo yaliposhuka mwishoni mwa miaka ya 1980, wafanyakazi walipelekwa mafunzoni badala ya kufukuzwa. Tayari kufikia mwaka 1986, kiwanda hicho kilikuwa miongoni mwa vyenye tija kubwa kuliko vyote vya General Motors, bila kutegemea wingi wa roboti.

NUMMI ilifungwa mwaka 2010, na jengo lake likachukuliwa na kampuni ya Tesla. Humo humo, mwaka 2018, uundaji wa gari aina ya Model 3 ulichelewa, na Elon Musk akakiri hadharani kwamba kutumia mitambo kupita kiasi lilikuwa kosa lake, na kwamba thamani ya binadamu ilikuwa imedharauliwa.

Leo benki, hospitali na wizara katika nchi nyingi zinapanga kukabidhi baadhi ya kazi kwa akili mnemba. Swali la bei ya mitambo huulizwa mapema. Historia ya Detroit na Fremont inadai mengine yaulizwe kabla yake: kazi yenyewe imenyooka? Aliyekuwa akiifanya atakwenda wapi? Na mashine ikikosea, ni nani mwenye haki ya kuvuta kamba?